Picha Kumi na Nne kwa Sekunde

Ilitamkwa rasmi, mbele ya wafanyakazi mia moja na arobaini wa kiwanda cha kukoboa kahawa na meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, kwamba mfanyakazi anayepunguzwa hafukuzwi. Anafunguliwa mlango. Sekta binafsi, alieleza afisa aliyetumwa kulisoma tamko hilo, ina njaa ya watu wenye ujuzi, na mtu mwenye ujuzi na nidhamu hatakaa bure hata msimu mmoja. Alisoma polepole, akameza mate alipofika kwenye neno "mzigo", akaendelea. Kisha watu wakagawiwa soda.

Egidi aliinywa ya kwake yote. Alikuwa amepanga madaraja ya kahawa kwa miaka kumi na tisa, na ujuzi wake wote ulikuwa machoni. Punje zilipita mbele yake kwenye mkanda kama mvua ya mawe, naye aliiona ile moja iliyotobolewa na mdudu kabla kidole chake hakijajua kwamba kimekwisha kuiondoa. Hakuna shule inayofundisha jicho la namna hiyo, na baada ya mwaka ule hakuna ofisi iliyolihitaji.

Kwa miaka mitano sekta binafsi haikuonyesha dalili yoyote ya njaa. Egidi alibeba matofali, alilinda ghala, na kwa muda mrefu alikaa kwenye ofisi ya parokia akimchapia barua Bruda mmoja Mjerumani. Huko ndiko alikoijua kompyuta, maana Bruda alikuwa na vitabu vinene vya mashine na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari zake. Bruda aliporudi kwao kutibiwa mgongo, kazi ikaenda naye.

Mwezi Machi, Abdulmalik akamwita. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kanga na saruji, babu yake alitokea Kilwa na mzigo wa chumvi. Alikuwa amenunua Dar es Salaam kompyuta nne zilizokwisha tumika Ulaya, akazipanga kwenye chumba cha nyuma ya duka na kuweka kibao: KITUO CHA MAFUNZO YA KOMPYUTA. Kwa wiki tatu akaja mwanafunzi mmoja, sista, akasoma siku mbili. Wengine wote waliuliza kama mna gemu ya mpira.

Gemu ya mpira ikawekwa, na mji mzima wa Mbinga ukajaa mle ndani. Jenereta ilinguruma uani, madereva wa Fuso waliacha magari yao njiani, na Egidi, mwenye miaka hamsini na mbili, akawa fundi. Kule kijijini kwao, Mbuji, mke wake Notburga aliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba mume wake ana kazi ya mezani.

Ilikwenda vizuri hadi Juni, mfanyabiashara mwingine alipofungua chumba karibu na stendi, chenye mashine mpya zilizotoka na maboksi yake. Mashine za Abdulmalik zilikuwa zinaganda. Mchezaji alipiga shuti, picha ikasimama, ikafikiri, na ilipozinduka mpira ulikuwa kwa kipa. Watu walivumilia walipokuwa hawana pa kwenda. Sasa wakahamia stendi.

"Mzee Egidi," Abdulmalik alisema, amesimama mlangoni bila kuingia, "nakupa mpaka kahawa ya mwaka huu ianze kulipwa. Zikiendelea kuganda, nauza zote. Humu nitaweka saruji. Saruji haigandi mpaka uitie maji."

"Nimekuelewa, tajiri."

Alielewa zaidi ya alivyosema. Mtu akipunguzwa mara ya kwanza, huilaumu serikali, na watu humpa pole. Akipunguzwa mara ya pili, watu huanza kumtazama yeye.

Akarudia kitabu kimoja alichoachiwa na Bruda. Mle alijifunza kuifanya mashine ionyeshe, kwenye pembe ya kioo, idadi ya picha inazochora kila sekunde. Kumbe mchezo ni picha zilizosimama zinazopita mbio, kama punje kwenye mkanda, na zikiwa chache jicho linayaona mapengo. Akawasha gemu. Kumi na nne. Wachezaji walipojazana golini, tisa.

Basi akaanza kazi aliyoijua: kutoa. Alivitoa vivuli kwanza, maana hakuna mtu aliyewahi kufunga goli kwa kivuli. Kumi na saba. Akaitoa mvua. Akazitoa nyasi moja moja, uwanja ukabaki zulia la kijani. Akaingia ndani zaidi, akakuta vijiprogramu kumi na viwili vinavyoamka pamoja na mashine kila asubuhi: kimoja kikisubiri printa ambayo haikuwahi kuwepo, kingine kikikumbusha mikutano ya Mzungu fulani wa mwaka 1999. Vyote vilikuwa vinakula kumbukumbu bila kufanya lolote. Akavizima. Akafungua ubavu wa kila mashine, akalipuliza vumbi jekundu kwa pampu ya baiskeli mpaka feni zikapumua. Ishirini na tatu. Kisha akaona neno lililohusu watazamaji. Akaweka hakuna.

Thelathini na moja. Mpira uliteleza kama umepakwa mafuta. Egidi alicheka peke yake mle chumbani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiwandani.

Kesho yake akamwita Pankras, dereva wa Fuso mwenye mdomo kuliko honi yake, maana Pankras akirudi wengine watamfuata. Pankras akakaa, akashika padi, akafunga goli dakika ya tatu. Akanyanyua mikono. Akaishusha.

"Mzee, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wa uwanjani. Nimefunga, hakuna aliyesimama. Majukwaa meupe kama kanisa siku ya Jumatatu."

"Nimewatoa. Walikuwa wanaifanya mashine iwe nzito. Huoni inavyokwenda?"

"Inakwenda, sikatai. Lakini hata msiba wa mchawi huwa na watu, mzee wangu. Sasa goli hili nimemfungia nani?"

Madereva wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka, wakaondoka. Pankras aliwafuata, akasema kwa adabu kwamba atapita tena.

Egidi alikaa na jambo hilo siku nne. Kitabu cha Bruda hakikuwa na sura inayohusu watu wanaotaka kuonekana. Wazungu walioandika, ilielekea, walicheza peke yao. Siku ya tano akapata njia ya katikati: watazamaji warudi, lakini wawe bapa, mstari mmoja wa rangi uliobandikwa kwenye jukwaa, wasio na pua wala macho, wanaopanda na kushuka wote kwa pamoja. Akapunguza kidogo na ukubwa wa picha kwenye kioo ili mashine isichore nukta nyingi. Ishirini na saba.

Pankras alifunga, mstari wa rangi ukapanda ukashuka. Akauchungulia kwa karibu.

"Hawa hawana sura."

"Hawana."

"Basi, si wamesimama?" Akaomba mechi nyingine.

Mashine za stendi, ingawa zilikuwa mpya, mwenyewe alikuwa ameziachia kila kitu juu kabisa, vivuli, mvua na jasho la wachezaji, kwa sababu alikuwa amelipia. Nazo zikawa zinaganda. Kahawa ilipoanza kulipwa, chumba cha Abdulmalik kilijaa mpaka dirishani. Hakuna aliyetaja tena saruji.

Hapo Egidi akafanya kosa ambalo ni mtu wa kiwanda cha kahawa tu angeweza kulifanya. Kiwandani, juu ya kila meza ya kupangia, kulikuwa na karatasi ya kipimo: daraja hili liwe hivi, punje mbovu zisizidi hizi. Kazi isiyoandikwa ukutani ilihesabiwa kuwa ni ujanja wa mtu. Basi akachukua karatasi kubwa, akaandika kwa mwandiko wake wa duara hatua zote kumi na saba, kuanzia pampu ya baiskeli hadi watazamaji bapa, akaibandika karibu na mlango. Alipomaliza alisimama mbali kidogo akaitazama, kama mtu anayetazama shamba lililopaliliwa.

Notburga alikuja mjini siku ya soko, akapita kumsalimu. Akaisoma karatasi yote taratibu, midomo ikitikisika.

"Umeandika kila kitu?"

"Kila kitu. Hata mtoto wa darasa la saba anaweza kufuata."

"Na wewe umejiandika hatua ya ngapi?"

Egidi alimwambia kwamba mambo ya mashine hayaendi hivyo. Notburga akafunga kanga yake vizuri, akaenda kununua mbegu.

Mwezi Oktoba akaja Azizi, kaka yake mke wa Abdulmalik. Huyu alikuwa mvuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kule Lituhi, na injini ya boti yake ilikuwa imekufa ziwani mbele ya watu. Alikuwa mtu wa adabu. Alimpa Egidi shikamoo asubuhi na jioni, akamletea usipa mkavu kwenye gazeti, akakaa kwenye benchi akitazama mechi, na mechi zikipungua akawa anaisoma karatasi. Jumapili moja, Egidi akiwa misani, mashine ya tatu ilizimika ghafla, ikapoteza setingi zote. Aliporudi aliikuta imewaka. Pembeni mwa kioo: ishirini na saba.

Abdulmalik alimkaribisha kiti mbele ya duka. Akaagiza chai.

"Mzee Egidi, kazi yako imekuwa nzuri mno."

"Ahsante, tajiri."

"Nasema mno. Mashine haziharibiki. Wiki tatu hizi nakutazama, umekaa. Si uvivu, najua. Hakuna cha kufanya. Na Azizi ni shemeji yangu, ana watoto wanne na hana boti."

Egidi alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

"Hatua ya kumi na mbili," alisema hatimaye, "lazima aizime kwanza mashine. Asipoizima, zile za mwanzo zinafutika."

"Ameshaligundua hilo. Ameliwekea alama ya wino mwekundu."

"Basi sawa."

"Sikufukuzi, mzee. Pita wakati wowote, utacheza bure."

Mvua za kwanza zilimkuta Mbuji, akipanda mahindi kwenye matuta ya ngolo, yale yanayozunguka mashimo ya kuzuia maji mteremkoni, pembeni mwa mashimo ya mwaka uliopita, Notburga akifukia nyuma yake. Mkewe hakumwambia neno lolote kuhusu ile karatasi, na hilo ndilo lililomchosha Egidi kuliko jembe. Siku hiyo Urbani, mtendaji wa kata, alipanda mteremko na jalada kwapani, akihema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Za ofisini?"

"Njema. Nimetafuta sahihi yako Mbinga, wakaniambia uko huku likizo." Akafungua jalada. "Tumeagizwa kuorodhesha wakazi wa kata waliopunguzwa kiwandani wakafanikiwa katika sekta binafsi. Wewe tulikuandika tangu Agosti. Fundi kompyuta. Nakala ilikwisha kwenda juu, imebaki sahihi tu."

"Nimetoka huko, bwana Urbani. Mwezi uliopita."

Urbani aliitazama fomu, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Mahali pa kuandika hilo hawakuweka," alisema.

Egidi akajipangusa mikono kwenye suruali, akatia sahihi kwa mwandiko wake wa duara. Fomu ilikuwa na mistari ishirini. Uliojazwa ulikuwa mmoja.