Nilimtoa malkia wangu pale Kasapa kwa sababu karatasi ilisema hivyo

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na siwezi kuyapamba maana hayanipi sifa yoyote.

Ni enzi za Zaire, Lubumbashi, kila mtu anaitwa citoyen, yaani raia. Shule niliiacha mapema, nikazunguka Likasi, Kolwezi, vibarua hapa na pale. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuulizauliza kila kitu.

Siku moja nikanunua karanga mjini, zimefungwa kwa karatasi ya gazeti la Kifaransa la chess. Ilikuwa game ya mabingwa fulani, kuanzia ufunguzi hadi pale mwenye kete nyeupe anapomtoa malkia wake, dame kwa Kifaransa, aliwe bure, pembeni kuna alama mbili za mshangao za kuisifu hatua.

Hapo karatasi imechanika.

Nikaikariri yote. Kwa nini malkia atolewe, hilo tu sikuuliza.

Mzee Ramazani, fundi cherehani wa asili ya Maniema, ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha chess. Wanafunzi wa chuo kikuu walitualika kampasini kwao Kasapa tushindane. Nikamwonyesha ufunguzi wangu, akaupenda, akampumzisha mpwa wake na kuniweka mimi.

Kule tukaenda sare, ikabaki meza yangu kuamua.

Mwanafunzi alijibu kama karatasi, hatua kwa hatua. Nikajiona profesa. Kisha akasogeza askari mmoja wa pembeni, ambaye kwenye karatasi hakusogea.

Nikampuuza. Nikamtoa malkia kwa mbwembwe, nikaegemea kiti.

Akamla. Akangoja.

"Sasa unafanya nini, citoyen?"

Nikakodolea ubao; karatasi yangu iliishia hapo.

"Mungojee," mwenzake akasema. "Dame alienda ku soko, atarudia."

Ukumbi ukacheka. Nikalaza mfalme, tukashindwa.

Mzee Ramazani akanishika bega, akawaambia, "Mumuache. Iko na malaria tangu asubui."

Sikuwa na malaria wala mafua. Lakini niliitikia kwa kichwa, nikajipangusa uso kama mwenye homa.

Kwenye teksi ya kurudi, yule mpwa niliyemchukulia nafasi akanipisha dirishani nipate hewa.

Nikakaa.

Wakuu, usicheze hatua ya mtu mwingine kabla hujajua yeye alikuwa anaona nini. Hilo nililielewa siku hiyohiyo. La dirishani ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Kuna aliyewahi kufunikwa na uongo wa mtu mwema? Ulimtazamaje kesho yake? Semeni, nasoma.