Miaka Yangu Mitatu Kwenye Gata

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa darasa la tano, Musoma, shule ya kule Makoko, na kazi yenyewe sikuiomba. Mwalimu wa Zamu alipita mstarini akitukagua kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akasimama kwangu.

"Wewe una kilo ngapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Vizuri. Ngazi nayo haijui. Panda."

Ninyi mlioingia darasa la nne juzi mnaliona gata pale ukingoni mwa paa mnadhani limeota. Gata ni mfereji wa bati uliokunjwa, umeshikwa na kulabu zilizopigiliwa kwenye mbao. Linapokea maji ya paa, linayapeleka kwenye bomba la kushushia, mpaka pipani. Likiziba, maji hayaombi ruhusa. Yanarudi nyuma chini ya bati, yanaozesha mbao, yanateremkia ukutani. Na ukuta wa matofali mabichi ukinywa maji, unalewa.

Makoko uchafu wetu ulikuwa wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi. Upepo unawaleta, wanafia juu ya bati, mvua inawakoroga, unapata uji mweusi unaonuka samaki. Niliuzoa kwa kipande cha kibuyu huku Mwalimu wa Zamu akinipa moyo kutoka chini: "Ongeza bidii, taifa linakutegemea!" Taifa lilikuwa limeziba pua.

Baba yangu ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na dresa akihamishwa, familia nzima inafunga virago. Mwaka uliofuata tukawa Bunda, tumepanga Kabasa, na shuleni nikakabidhiwa kwa Mwalimu wa Kilimo. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Kwanza mteremko: gata lazima liinamie upande wa bomba, kidogo tu, jicho lisione ila maji yaone. Kuupima, unamwaga ndoo ya maji upande wa juu, unatembea chini taratibu. Ukifika bombani kabla ya maji, gata lako limelala. Pili pamba. Kule vumbi la kinu cha kuchambulia pamba lilitua kwenye kila paa.

"Majani yanapitishaga maji," aliniambia. "Pamba haipitishagi. Inakunywa, inavimba, inakaa kama mwenye nyumba."

Nililiweka neno hilo kichwani. Laiti ningelisahau.

Kituo changu cha tatu ni hapa Butiama, kijiji cha ujamaa, shule ya kujitegemea. Nilifika darasa la saba nikiwa na utumishi wa miaka miwili, nikitegemea kupandishwa cheo. Nikamkuta Magesa. Magesa hajawahi kumwona mdudu wa ziwani hata mmoja, lakini ndiye Kiranja wa Gata. Ngazi kaiunda mwenyewe. Maungio kayaziba kwa lami, nadhifu kama mshono wa fundi cherehani. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu alitusimamisha mstarini: "Mtazameni Magesa." Tukamtazama. Bhoke wa darasa letu, ambaye wiki hiyo nilimpa vichekesho vitatu asicheke hata kimoja, akaenda kumwomba Magesa amweleze mteremko. Mteremko! Mimi, mtaalamu wa wilaya mbili, nilipangiwa choo.

Roho iliniuma kama nimemeza mwiba wa sato.

Jumamosi moja, shule tupu, nikachuma pamba shambani, ngumi mbili, nikapanda kwa ngazi yake nikaishindilia kwenye mdomo wa bomba, juu ya stoo. Nilitaka maji yafurike kidogo, aaibike, basi.

Jumatatu mvua ikaja na hasira zake. Pamba ikavimba, maji yakarudi chini ya bati, na kabla ya saa nane kipande cha ukuta wa stoo kikaanguka. Magunia mawili ya mahindi ya uji wetu yalilowa chapachapa. Mwalimu Mkuu akapanda mwenyewe na viatu vyake, akachomoa lile donge.

"Magesa, hii nini?"

"Ni kosa langu, Ndugu Mwalimu Mkuu. Wiki hii sikumwaga ndoo."

"Nakuuliza pamba imepandaje huku?"

"Labda ndege, mwalimu. Wanajengeaga viota."

Na aliamini anachosema! Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa. "Ngazi utamkabidhi huyu mwenzako aliyetoka Bunda."

Huyu mwenzake ni mimi. Nilichokitaka chote nimepewa, na mbele ya Bhoke. Magesa akaniburuzia ngazi, maji yakimchuruzika puani, akaninong'oneza: "Kaka, kulabu ya tatu imelegea. Usiiegemee."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu ananyang'anywa cheo, bado anakabidhi ofisi vizuri!

"Mwalimu," nikasema, "ndege ni mimi."

"Unasemaje?"

"Yule ndege. Ni mimi."

Bhoke alicheka. Baada ya vichekesho vyote vile, akachagua siku hiyo.

Nilistaafishwa papo hapo: ngazi irudi kwa Magesa, nisiiguse mpaka nimalize shule, na nifyatue matofali mpaka ukuta urudi. Siku ya kwanza Magesa akaja bila kuitwa, akakunja suruali, akaingia kwenye udongo tukakanyaga pamoja. Nilimwambia aende zake. Hakwenda. Hata kusamehe ananizidi, na hilo nalo linaniuma.

Wazee wakistaafu husema sasa wanapumzika. Mimi bado. Mvua ikianza, naacha daftari, natazama dirishani gata la stoo kulabu kwa kulabu, nikitafuta japo tone moja lililopotea njia. Sijaliona. Maji yote yanakimbilia bombani, yanaingia pipani, na Magesa, dawati la mbele, wala hageuki kuangalia. Anafanya hesabu zake.