Kilemba cha Kadhi wa Mfano

Siku ya kwanza nilipoingia kazini Bagamoyo, nikitokea kwetu Miono, Kadhi aliniuliza jambo moja tu: kama najua kunyamaza. Nikasema najua. "Basi wewe ndiye mwandishi wangu," akasema, akanisogezea kidau cha wino.

Mwaka wa pili alinikabidhi wanafunzi wake watatu niwazoeze kazi. Vitabu vya sheria walivijua kunishinda. Wasiowajua ni watu. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya alasiri tuliendesha mashauri ya mfano, mmoja mdai, mmoja mdaiwa, mmoja kadhi. Kanuni niliitunga mwenyewe, na niliionea fahari: kadhi wa mfano akishavaa kilemba, yanayosemwa ni ya mchezo. Kabla ya hapo, kila mtu na kauli yake. Ilibidi iwe hivyo, maana talaka haina mzaha. Mume akiitamka, hata kwa kucheka, imepita.

Alhamisi moja zamu ya mume ilikuwa ya Salimu wa Zinga, aliyeoa mwaka uleule. Mwenziwe wa zamu ya ukadhi alikuwa bado anahangaika na kilemba, nami nimeinama nachonga kalamu, nikamsikia Salimu akisema, "Mke wangu nimemwacha, talaka tatu." Tatu, yaani hakuna kurejeana. Nilipoinua kichwa, kilemba kilikuwa kimeshavaliwa. Kilivaliwa lini? Wale wenziwe wawili walibishana, huyu kabla, huyu baada.

Salimu alinifuata uani, midomo imemkauka.

"Mwalimu, asubuhi tuligombana nyumbani. Sasa hata mimi sijui nimemwacha mke wa mchezo au Mwanaisha wangu."

Mimi ndiye niliyemweka pale, nami sikujua zaidi yake.

Kesho yake habari zilimfikia Kadhi, akatuita sote.

"Mwandishi, aliposema, kilemba kilikuwa kichwani?"

"Kilikuwa kichwani, Sheikh."

"Umekiona?"

"Nimekiona."

Akanisogezea kidau cha wino. "Basi andika kwamba hapakuwa na talaka." Nikaandika.

Baadaye Wadachi, yaani Wajerumani, walikuja na boma lao. Kadhi akafariki, nikamtumikia Liwali, kisha akida wa Vigwaza, na kote huko niliwafunza vijana wasishuhudie ila walichokiona. Nilikuwa mkali mno kwa hilo. Walidhani ni uchamungu.

Sasa nimeacha kazi, macho hayasomi tena. Kila Idi Mwanaisha huja na wanawe, ananiletea mkate wa kumimina. "Shikamoo, baba," ananiambia. Namwitikia marahaba, na sijui kama niliwaokoa wale watu au niliwatia dhambini miaka yote hii. Namwona amenawiri, nafurahi, halafu naogopa.

Na siku hizi nikifumba macho nakiona kile kilemba kichwani, Salimu hajafungua kinywa bado. Nakiona wazi kabisa, hata rangi yake. Zamani nilijua kuwa nilidanganya. Sasa hata hilo sina hakika nalo.