Kipande cha Redio Kwenye Sweta ya Mama Mutua

Tangu mke wangu afariki, nimetamani kuisikia tena redio yake iliyoharibika. Nilikuwa nikiilehemu mezani, hapa nyumbani Kathonzweni, moshi ulipoingia puani nikapiga chafya. Kipande kidogo kama punje ya wimbi, cha pekee nilichokuwa nacho, kikaruka. Nikapiga magoti kukitafuta.

Akina mama wa kanisa, waliokuja kunifariji, wakanikuta hivyo. Wakadhani naomba, nao wakapiga magoti. Kwa aibu nikafumba macho kama wao.

Katikati ya maombi nikafumbua jicho. Kipande kilikuwa kimenasa kwenye sweta ya Mama Mutua! Nikakinyakua kwa kibano.

“Baba Mwende! Unanifinya tukiomba?”

“Nisamehe, mama. Nilikuwa natafuta hiki. Sikuwa naomba.”

“Na hayo machozi?”

“Ni moshi wa kulehemu.”