Mgeni wa Mama Siku ya Sabato

Mama alikuwa akimfulia nguo mke wa fundi mmoja Mzungu upande wa Itumbe, na ndiye aliyetuletea habari: mama huyu wa Kizungu hali nguruwe, na Ijumaa jua likizama hawashi hata jiko. Sisi Waadventista, tuliozoea kuchekwa na watoto wa Kikatoliki kwa kulima Jumapili, tulifurahi kupita kiasi, tukidhani ni Msabato mwenzetu. Mama akamkaribisha kanisani bila kuuliza zaidi.

Akaja kwa miguu. Njiani akamweleza Mama, kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu, kwamba yeye ni Myahudi, na kwamba jamaa zake waliuawa Ulaya kwa sababu hiyo tu. Hata Wazungu wenzake wa mjini hawakumwalika chai. Mama alikuwa amefanya kazi kwa Mzungu mwingine, akipewa chai kwenye kopo, nje, karibu na mbwa. Kwa mgeni huyu alikuwa akivutiwa kiti mezani.

"Basi twende," akamwambia, akamshika mkono.

Siku hiyo aliyehubiri ni babu, mzazi wa baba yangu. Alihubiri kwa lugha ya kwetu, nami niliketi katikati ya Mama na mgeni nikimtafsiria kwa Kiswahili, nikijiona mtu mkubwa sana. Babu alikuwa hodari wa kuhubiri na, Mungu anisamehe, hodari zaidi wa kurefusha. Alipofika msalabani akanguruma kwamba Wayahudi ndio waliomuua Bwana, na laana yao haitakwisha.

Nikaacha kutafsiri. Mgeni akauliza babu amesema nini.

"Mwambie," Mama akasema. "Usimfiche."

Nikamwambia. Hakulia. Akachukua mkoba wake taratibu, kama mtu aliyezoea kuondoka.

Mama akasimama. Kwetu mwanamke hamkabili baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, maneno yao hupitia kwa mtu mwingine, na Mama aliishika heshima hiyo kuliko wake wote wa boma. Akainamisha macho, akasema kwa Kiswahili ili mgeni asikie:

"Baba, huyu ni mgeni wangu. Watu wake wameuawa kwa maneno kama hayo. Na Mariamu aliyemzaa Bwana, yeye alikuwa kabila gani?"

Wanawake wakashika vinywa. Nilimwogopea Mama sana, maana mke aliyemwaibisha baba mkwe mbele ya watu angeweza kurudishwa kwao. Babu akafunga Biblia na kuomba kwa maneno machache, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Nje tulipanga mstari kama kawaida, kila anayetoka akiwapa mkono waliotangulia. Wa kwanza alikuwa babu. Mgeni alipomfikia, babu akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nakufukuza kwa nyumba ya mtoto wenu, huyu wa Mariamu."

Kisha akafika Mama, mikono nyuma, macho chini. Babu akanitazama mimi.

"Mwambie mama yako hapa ni kwake. Hakuna mtu atamrudisha kwao. Mwambie nimesikia."

Mama alikuwa hatua moja kutoka kwake, machozi yakimtiririka. Nikamgeukia, nikamwambia yote neno kwa neno, kana kwamba hakusikia.