Baba Mkwe na Ndege wa Keshero

Baba mkwe wangu alifika kwetu mtaa wa Keshero, kando ya ziwa, wakati wa mvua nyingi, ameshika fimbo yake ya kuchungia na mfuko mmoja wa nguo. Ng'ombe wake alikuwa amewaacha kwa ndugu yake, kwenye milima ya Masisi, mpaka hali ya usalama itulie. Mume wangu akampa chumba cha mbele, akakaa naye siku mbili, kisha akarudi kazini. Yeye ni dereva wa lori, na barabara ya kwenda Kiwanja ndiyo inayotulisha. Nikabaki mimi na muzee.

Mimi ni Munande kwa kabila, nimelelewa Butembo katika nyumba ya wafanyabiashara ambamo watu hugombana mezani na kupatana mezani. Nilipoolewa, dada za mume wangu walinikalisha chini wakanifundisha namna ya kuishi na baba yao: usimkazie macho, usipite mbele yake akila, usimkatize akiongea. Nililishika somo hilo kuliko hata walivyotaka. Asubuhi nilimsalimu, "Jambo papa." Akajibu, "Jambo mama." Jioni nilimwambia chakula kiko tayari, akasema asante. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Saa zilizobaki alikaa uani kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta wa mawe meusi ya volkano, kana kwamba anasubiri ukuta huo useme neno.

Kazi yangu ni kupiga picha. Ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, foto za vitambulisho. Kupiga ndege picha nilianza kwa bahati tu. Bibi harusi mmoja alichelewa kwa sababu ya nywele, na mimi nilikuwa nimeshasimama kando ya ziwa na kamera yangu, sina la kufanya. Mdiria mweupe kwa mweusi akaja akasimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga haraka, yeye mwenyewe hasogei. Ghafla akajitupa chini kama jiwe, akatoka na samaki. Nilipiga foto mpaka vidole vikauma. Albamu ya ndoa ile ina ukurasa mmoja wa mdiria, katikati ya keki na wasimamizi, na hadi leo hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo, asubuhi ambayo sina kazi, nateremka kwenye ghuba ndogo iliyo chini ya mtaa wetu. Nimejifunza mwaka kwa njia hiyo. Mvua zikikolea, maji hugeuka rangi ya chuma na minandi hukaa juu ya mawe wakianika mabawa yao, wamekata tamaa ya kukauka. Mvua ikipumzika kidogo, hewa husafishika mpaka unaona nyumba za ng'ambo moja moja. Halafu kiangazi huleta vumbi na moshi wa mashamba, milima hupotea yote, ziwa huwa jeupe kama maziwa, na ndege akipita mbali huwezi kujua anaruka juu ya maji au ndani ya mawingu.

Asubuhi moja nilikuwa navaa viatu mlangoni, muzee akaniita.

"Mama, unaendaka wapi kila siku na ile kamera?"

"Niko naenda kupiga ndege foto, papa."

Akafikiri. "Ndege ya kukula?"

"Hapana papa. Ya kuangalia tu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia mwanawe ameoa mgonjwa. Kisha akachukua fimbo yake. "Twende nione."

Sikuwa na namna ya kukataa. Tukateremka, yeye mbele, mimi nyuma. Na huko chini ndipo nilipogundua jambo ambalo kimya chake cha uani kilikuwa kimenificha: muzee alikuwa mtu wa kuongea. Milimani, mtu huongea na mwenzake aliye kilima cha pili, na sauti yake ilikuwa bado imepimwa kwa umbali huo. "MAMA! ILE NYEUPE NI YANGEYANGE!" Yangeyange wakaruka wote. "NA ILE INGINE PALE!" Akanyoosha fimbo. Ile nyingine nayo ikaenda zake.

Akafurahi sana. Kesho yake alikuwa ameshavaa koti kabla yangu.

Basi ikawa hivyo, wiki baada ya wiki. Nilipenda kumwona akitembea, mashavu yake yalirudisha nyama, na usiku alikula vizuri. Lakini foto sikupata hata moja ya maana. Nina rundo la picha za mikia. Nikajaribu mbinu. Nilinong'ona mimi mwenyewe ili anong'one, naye akauliza kwa nguvu kama nina kidonda cha koo. Nikamnunulia karanga ili kinywa kiwe na shughuli. Akazila huku akisimulia, na maganda akawatupia bata wa jirani wakaja wakipiga kelele. Nikamwambia mume wangu kwa simu, "Umwambie papa, ndege hawapendi sauti." Akacheka. "Wewe ndiye uko naye. Umwambie." Nitamwambiaje? Hata kumkatiza tu nilikuwa nimekatazwa.

Kiangazi kikafika. Matangi ya maji ya mvua yakakauka mtaani, na ghuba yetu ikajaa watu wenye mabidoni ya njano ya kuchotea maji. Akaja pia mama mmoja ambaye ana ng'ombe kwenye kiwanja kisichojengwa, huuza maziwa kwa jirani. Wakati wa mvua ng'ombe wake hunywa nyumbani. Sasa alilazimika kumleta ziwani. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu. Muzee alipomwona mara ya kwanza, alisimama akavua kofia.

Toka siku ile ndege hawakuwa kitu tena. Muzee alikuja kwa ajili ya ng'ombe. Alimsalimu kwa lugha ya kwao, akampigia mluzi, akamshika masikio, akamuuliza yule mama maswali yasiyo na mwisho. Yule mama alimvumilia kwa kuwa muzee alimsaidia kumtoa kupe.

Asubuhi moja ng'ombe aliingia majini mpaka magotini, akainamisha kichwa kunywa. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, jeupe, halina hata mkunjo, na ng'ombe mwekundu alionekana mara mbili, juu na chini. Yangeyange mmoja akatoka upande wa mawe, akazunguka, akatua mgongoni mwake. Akasimama wima kama mtu anayesubiri kivuko. Rangi ya dhahabu kidogo kichwani, mguu mmoja ameukunja. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mawe, kamera jichoni, nimeacha kupumua.

Nyuma yangu muzee akavuta pumzi ndefu. Nilimjua. Alikuwa anataka kumwita ng'ombe.

"Papa, nyamaza kwanza!"

Lilitoka kama ninavyomwambia ndugu yangu wa tumbo moja. Sikunong'ona hata. Mabidoni yaliacha kugongana. Mama mwenye ng'ombe aliweka mkono kinywani. Ila yangeyange, sijui kwa nini, hakuondoka. Nikapiga foto, moja, mbili, tatu, na nilipomaliza nilibaki nimelala pale pale kwa sababu niliogopa kugeuka.

Nilipogeuka, muzee alikuwa amesimama, midomo ameibana, anatazama ziwa.

Tulipanda kurudi nyumbani bila neno. Nikasema, "Papa, unisamehe." Akatikisa kichwa tu. Nikampa chai, akaipokea kwa mikono miwili, kimya. Mchana, kimya. Nikampigia mume wangu nikamweleza. Safari hii hakucheka. Akasema, "Nafika jioni." Nikaanza kuwaona akilini dada zake wote wakishuka kutoka milimani kuja kuketi kikao juu yangu. Nikapika maharagwe na viazi vya Kibumba, nikaongeza sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, halafu nikaongeza na kuku.

Mume wangu alifika, akamsalimu baba yake. Muzee akainua mkono tu. Tukaketi. Mume wangu akakohoa. "Papa, kuna maneno?"

Muzee akanigeukia mimi. Akaniuliza, taratibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Mama, sasa naweza kusema?"

Sikuelewa.

"Ulisema ninyamaze kwanza. Haukusema mpaka saa ngapi."

Mume wangu alikuwa wa kwanza kupasuka kwa kicheko. Muzee akafuata, alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, sikujua kipi ni kipi. Alipotulia, alijipangusa uso kwa kitambaa, akasema, "Tangu nifike hapa, kila mutu ananiambia ndiyo papa, ndiyo papa. Ile ni maneno ya kuambia mugeni." Akajivutia kuku. "Onyesha foto."

Nikaleta kamera. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Hii ngombe imekonda," akasema.

Foto hiyo nimeichapisha kubwa. Nakala moja muzee alimpa dereva mwenza wa mume wangu aipeleke Masisi, na ndugu yake alipopiga simu hakuuliza habari za ndege wala za ziwa. Aliuliza ng'ombe huyo ana umri gani. Walizungumza juu ya jambo hilo mpaka salio la simu likaisha.

Sasa huko ghubani muzee amekuwa mkali. Wanaoteka maji anawanyamazisha yeye. Wiki moja alimnyamazisha hata mpiga saksofoni wa harusi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa na harusi hiyo. Mimi na yeye, kinyume chake, tunaongea njia nzima, tunagombana pia. Ameamua kwamba minandi ni wavivu. Nimemwambia anawaonea.

Mvua ya kwanza ya mwaka huu ilitukuta huko huko chini. Mbayuwayu walikuwa wamejaa kwenye waya za umeme, na muzee ndiye aliyewaona kabla yangu. Akanigusa bega bila kusema kitu. Nikawapiga foto tano, mbingu ikafunguka. Muzee akaificha kamera ndani ya koti lake, tukapanda kando ya mtaro, tukiteleza juu ya mawe, tukishikana mikono kama watoto wa shule. Nyuma yetu vumbi lote la kiangazi lilikuwa linateremka ziwani.

Mume wangu alitufungulia mlango, akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Na leo mumepata nini?"

"Mafua," akasema muzee, akapita kwenda kutafuta taulo.