Wateja Wanane wa Lorne Hachey

Kwa miaka arobaini Lorne Hachey aliuza sarafu za kale mjini Moncton, Kanada, na swali lililomkera kuliko yote lilikuwa lilelile moja. Safari hii lililetwa na Doreen, mke wa rafiki yake Clayton aliyezikwa wiki iliyopita. Mkononi alishika senti tano ya fedha ya enzi za Malkia Victoria, iliyokuwa ya mumewe.

"Hizi hazifiki ishirini duniani," alisema Doreen. "Za Marekani za mwaka huohuo zipo mia mbili, na bado moja inauzwa mara kumi ya hii! Shemeji, usinipige changa la macho."

"Wanaozigombania za Marekani ni maelfu, shemeji," Lorne alijibu bila kuinua kichwa. "Hii yetu, Kanada nzima, wanaoitaka kwa dhati ni wanane. Nawajua kwa majina. Saba wanayo tayari."

Doreen akachangamka. "Basi mwite huyo wa nane!"

Lorne akaichukua sarafu, akaifunga kwenye karatasi yake, akamrudishia taratibu.

"Wa nane alikuwa Clayton."